Kifaa cha Madibira

Iringa, 23 Juni 2025

Dada Nasrin,

Kamwene. Najua utacheka ukiona karatasi. Mtu ana kifaa kiunoni cha kuongea na nchi nzima, halafu anaandika kwa kalamu na kumpa kaka yako Anwari aibebe barua kwenye lori la mchele! Cheka, lakini soma. Tangu sisi wa zimamoto, polisi na ninyi wa magari ya wagonjwa tuunganishwe kwenye Mtandao wa Pamoja, siamini tena kwamba nikiongea na mtu mmoja ananisikia mtu mmoja. Mwezi uliopita nilimwandikia askari wangu kwa kifaa utani kuhusu tumbo la Katibu wa Baraza linalousimamia mtandao. Tulipokutana kikaoni Katibu akaniuliza, "Kihwele, hivi mimi nimenenepa?" Utasema ilitokea tu. Mimi mambo ya kutokea tu siyaamini.

Nataka tuongee habari ya Juliana, yule mkulima wa Madibira ambaye mguu wake ulinaswa na pawatila, ile trekta ndogo ya mkono, akafariki ndani ya Fuso la mpunga kabla ya kufika hospitali Mafinga. Muuguzi wenu wa kituo cha afya, Eveline, anasema aliomba gari la wagonjwa kwa kifaa chake na hakujibiwa. Sekretarieti ya Baraza inasema hakuna ombi lililoingia na kwamba kifaa kilikuwa kimezimwa. Mmoja wao anadanganya, au yupo wa tatu anayewadanganya wote wawili.

Unajua ugumu ulipo. Madibira ni Mbeya kwa serikali, lakini mnara unaoihudumia ni wetu, Iringa. Na mwezi wa nane Baraza linapiga kura nani ashike ufunguo wa kanda nzima, yaani nani aamue kwamba njia ikijaa, huyu aongee na yule asubiri. Kwa sasa ufunguo wa vifaa vya vituo vya afya vya mkoa wenu mnao ninyi. Niambie kweli, dada yangu. Mlikishusha daraja kifaa cha Madibira? Kama mlikishusha, heri nisikie kwako kuliko kwa Katibu.

Ndugu yako,
Liberatus Kihwele
Zimamoto, Iringa


Mbeya, 27 Juni 2025

Kaka Liberatus,

Salamu, na pole na mashaka. Barua nimeipata, ila bahasha ilikuwa imefunguka na kubandikwa upya kwa uji wa unga. Anwari anaapa kwamba ilidondokea kwenye maji pale Igawa akaianika juu ya boneti. Nimemwamini kwa sababu ni ndugu yangu, na pia kwa sababu hajui kusoma mwandiko wako. Nakuambia mapema ili usije ukasema mimi ndiye ninayefungua barua zinazoandikwa kwangu.

Sasa swali lako. Nyani haoni kundule! Nani alinyoosha mkono mwezi wa pili kupinga vituo vya afya kuwa daraja la kwanza? Nilisimama mpaka koo likakauka nikisema kifaa cha Madibira kinastahili kuwa sawa na cha hospitali, kwa kuwa kule ni mbali na mashine za shamba ni nyingi. Ukasimama wewe, ukasema tukiruhusu hivyo, kila mtoto mwenye homa ataziba njia ya gari la moto. Watu wakacheka, kura ikapita. Sikukishusha daraja. Ninyi ndio mliokikuta chini mkakiacha palepale.

Lakini tusipoteze muda kwa hilo, maana kuna mtu anazama. Eveline amesimamishwa kazi. Tarehe thelathini Julai atasimama mbele ya kamati ya nidhamu. Wakiamua kwamba alizima kifaa akamwacha mgonjwa, atafutiwa leseni ya uuguzi, na jalada litakwenda polisi. Nimemfundisha kazi mwenyewe. Ni binti anayerudi wodini kuuliza kama mgonjwa amekula. Siamini kwamba alimtupa yule mama. Hata hivyo, nikimuuliza kama kifaa kilizimwa, anatazama sakafu. Kuna kitu ananificha, na kinaniuma kuliko maneno ya Sekretarieti.

Naomba kitu kimoja kwako. Nipatie kumbukumbu za mnara wenu unaohudumia Madibira, za Jumamosi ile tarehe kumi na nne, saa tisa mpaka saa kumi alasiri. Nikimwomba Katibu atataka kujua sababu, na kesho yake sababu hiyo itakuwa imeshafika kwa kila mjumbe. Wewe ni mtu wangu wa karibu pekee kwenye Baraza lile. Nitazame machoni kwa barua.

Dada yako,
Nasrin Iqbal
Huduma za Dharura za Wagonjwa, Mbeya


Iringa, 11 Julai 2025

Ndugu Mjumbe,

Rejea barua yako ya tarehe 27 Juni.

Napenda kukufahamisha kwamba kumbukumbu za mnara ni mali ya mkoa wenye mnara, hadi hapo Baraza litakapoamua vinginevyo. Ombi lolote la kumbukumbu hizo lipitie Sekretarieti kwa utaratibu wa kawaida.

Nakutakia kazi njema.

L. Kihwele
Mjumbe


Mbeya, 14 Julai 2025

Ndugu Mjumbe!

Ndipo tulipofika? Mwezi uliopita nilikuwa dada, leo nimekuwa Ndugu Mjumbe. Nimeisoma barua yako nikaigeuza nyuma, labda umenikonyeza kwa penseli. Hakuna kitu. Mtu asiyeamini vifaa kwa kuwa Katibu anasikiliza, leo ananituma kwa Katibu huyohuyo! Hapo pana jambo, Liberatus, na halijifichi vizuri.

Acha nikuambie ninalolijua. Jumamosi ile Anwari alikuwa anatoka Iringa mjini na lori tupu. Aliona gari lenu jekundu, magari ya polisi na magari mawili ya wagonjwa, yote yamewasha taa, yanakwenda taratibu njia ya Kalenga. Akadhani pamewaka moto. Akaambiwa ni msiba wa Mzee Kalinga, kamanda wenu mstaafu. Sikuwa na habari, kwa hiyo pole sana kwa kuchelewa. Yule mzee ndiye aliyetufundisha kushika vifaa hivi pale Mafinga, na hakuchoka na maswali yetu. Mungu amrehemu.

Lakini baada ya pole, nikuulize. Mkoa mzima ulikwenda kuzika. Nani alibaki kwenye meza ya kupokea wito? Mliacha kituo kitupu? Juliana alikuwa anavuja damu Madibira huku meza yenu haina mtu? Kama ndivyo, sema. Kumzika mkubwa wako si kosa. Kosa ni kumwacha Eveline afukuzwe kazi ili isijulikane kwamba kiti kilikuwa wazi.

Sitaki kuamini kwamba unakaa kimya kwa sababu ya kura ya mwezi wa nane. Lakini unanilazimisha.

Nasrin


Iringa, 18 Julai 2025

Nasrin,

Kituo hakikuwa kitupu. Zamu ilibaki, watu wazima watatu, na meza ilikuwa na mtu tangu asubuhi. Sisi tulioenda Kalenga tulikwenda na vifaa vimewashwa viunoni, kama kanuni inavyosema. Ungetokea moto, tungeondoka kaburini na udongo mikononi. Kwa hiyo hilo la kiti kuwa wazi lifute, tena ulifute mbele ya Anwari, maana mdomo wake unafika Ubaruku kabla ya lori lake.

Mzee Kalinga alinilea. Nilipoingia zimamoto sikuwa na baba. Viatu vyangu vya kwanza vya kazi alinipa yeye, vilikuwa vyake, na mimi nilivijaza karatasi mbele ili vinikae. Mjane wake, Mama Faustina, bado hajavua kitambaa cha msiba. Nakuomba mambo ya makaburini tuyaache makaburini.

Na kwa kuwa unapenda kumbukumbu, nimezitazama mwenyewe. Kifaa cha Madibira hakikuzimika kwa umeme wala kwa mnara. Kilizimwa kwa mkono, alasiri ileile, na hakikuwashwa tena mpaka jioni. Sekretarieti haikudanganya. Kabla hujaniuliza mimi nilikuwa wapi, muulize muuguzi wako kwa nini alizima.

Liberatus


Tukuyu, 22 Julai 2025

Shikamoo Dada Nasrin,

Niko nyumbani kwa mama. Nimepata ujumbe wako kwamba Iringa wameona kwenye kumbukumbu kuwa nilizima kwa mkono. Umeniuliza mara nyingi nami nimekuwa nikitazama chini. Leo nakuandikia, kwa sababu mbele yako siwezi kuyasema.

Ni kweli, nilizima.

Juliana aliletwa amebebwa kwenye turubai la kuanikia mpunga. Nilimfunga mguu juu ya jeraha kwa nguvu zangu zote, damu ikapungua lakini haikukata. Yeye mwenyewe alikuwa anaongea, anamwambia mumewe asisahau kumrudishia mtu pawatila yake. Nikashika kifaa kwa mkono mmoja, nikaita Mafinga. Kikasema njia ina watu, subiri. Nikaita tena. Kikasema subiri. Mara ya tatu kikafunguka, nikafurahi, nikataka kusema, na badala ya mtu wa Mafinga nikasikia sauti nzito ya mwanaume.

Sauti ikasema, "Kalinga. Kalinga. Tunakuita, itika."

Kisha kimya. Kwenye kimya kile nilisikia watu wengi wanapumua na mwanamke mmoja analia kwa mbali. Halafu sauti ikarudia vilevile, na kikaja kimya kingine.

Dada, mimi nilijua kwamba Mzee Kalinga amekufa. Taarifa ilikuja Alhamisi kwenye kundi la simu tulilo nalo na wenzetu wa Mafinga. Bibi yangu alitufundisha hapahapa Tukuyu kwamba ukisikia aliyekufa anaitwa na humwoni anayeita, usitie neno, funga mlango. Mimi ni muuguzi, nimesoma, najua unavyokunja uso sasa hivi. Lakini mkono wangu ulizima kabla akili haijafika. Nikakitupa kifaa kwenye droo. Mume wa Juliana akasema Fuso la mpunga lipo nje. Tukampakia, nikapanda naye. Alifariki tukiwa bado hatujauona mji, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje mbele ya kamati, kwamba niliogopa mzimu kwenye mtandao wa serikali? Wangenifukuza kazi na kunipeleka kwa daktari wa akili. Kila siku najiuliza, kama ningesubiri kidogo tu, ile sauti si ingeondoka?

Nisamehe kwa kukuficha.

Mdogo wako,
Eveline Andendekisye


Mbeya, 24 Julai 2025

Liberatus,

Nimemuuliza muuguzi wangu kama ulivyoniagiza, na amenijibu.

Alizima kwa sababu alisikia mwanaume anamwita Mzee Kalinga aitike, siku ambayo Mzee Kalinga anazikwa, na nyuma yake watu wanapumua na mwanamke analia. Binti wa watu amekaa mwezi mzima anadhani alipigiwa simu na wafu.

Mimi siogopi mizimu. Naogopa walio hai wanaoandika "kwa utaratibu wa kawaida". Kitu pekee kwenye mtandao huu kinachoweza kumkata mtu aliye katikati ya wito na kumwekea sauti ya mwingine masikioni ni wito wa wote, ukifunguliwa kwa kitufe chekundu. Wa daraja la kwanza akikibonyeza, kila kifaa kilicho chini ya minara ya mkoa wake kinamsikiliza yeye, kitake kisitake. Kwetu Mbeya hatukusikia kitu kwa kuwa minara yetu ni mingine. Iringa wote walisikia, wakajua ni mazishi, wakainamisha vichwa. Madibira ndiyo peke yake iliyosikia bila kujua, kwa kuwa ni watu wa Mbeya walio chini ya mnara wa Iringa.

Ndiyo maana nilipokutajia saa ile ulinyamaza wiki mbili, halafu ukarudi umevaa suti. Ulikuwa unajua. Uliponiandikia nimuulize kwa nini alizima, ulikuwa unajua pia. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Ulichukua nusu ya ukweli ukamtupia yeye.

Kikao ni tarehe thelathini. Nina swali moja tu, na unaweza kunijibu kama Mjumbe, kama ndugu, kama unavyopenda. Nani alikuwa anamwita Mzee Kalinga?

Nasrin


Iringa, 28 Julai 2025

Dada Nasrin,

Mimi.

Kwetu, mtu wa zimamoto akizikwa, gari lake hupiga king'ora kimoja kirefu pale kaburini, basi. Mzee Kalinga ni mkubwa wetu wa kwanza kufa tangu tupate mtandao, na mimi nikaona king'ora hakimtoshi. Nikasema tumwite. Aitwe kwenye wito wa wote, kila kifaa cha mkoa kisikie, na asipoitika tujue zamu yake imekwisha. Polisi wakakubali, watu wa wagonjwa wakakubali, hata padri akasema ni jambo jema. Nilipobonyeza kitufe, vifaa vyote pale makaburini vililia pamoja. Mama Faustina alipiga magoti. Wazee wa Kalenga walisema hawajaona mtu akizikwa kwa heshima kiasi kile. Nilirudi nyumbani nimejaa fahari, nikamsimulia mke wangu mpaka chakula kikapoa.

Nilijua nilipofika kwenye ile "saa tisa" yako. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Kwanza nilijiambia haiwezekani. Halafu nikasema ni sadfa, mimi ambaye sadfa siziamini. Halafu nikakuta kwamba alizima kwa mkono, nikaishika hiyo kama mtu anayezama ashikavyo jani. Niliona aibu, Nasrin. Aibu yangu, aibu ya Mzee. Na kura pia, sikufichi. Nilitaka ufunguo uje Iringa, na nilijua nikisema, nani atatupa?

Ndani ya bahasha hii kuna maelezo yangu kwa kamati ya nidhamu yenye sahihi yangu, pamoja na kumbukumbu za mnara. Utaona maombi ya Eveline hayamo. Wito wa daraja la pili ukisukumwa pembeni hauandikwi popote, na kanuni hiyo tuliipitisha sisi wenyewe. Nitakuja kikaoni kuyasema kwa mdomo. Nitaondoka kesho, nilale Mbeya.

Mama Faustina nimeshamwambia leo asubuhi. Sikutaka asikie mtaani. Alisikiliza, akaingia ndani, akafunga mlango. Niliondoka akiwa bado hajatoka.

Nakala ya pili ya maelezo haya nimempa mtu mwingine, ambaye sikutajii, ailete kwa njia yake. Anwari namwamini. Wewe pia nakuamini. Lakini jambo hili lisipofika, nimekwisha mimi na amekwisha yule binti.

Liberatus


Mbeya, 4 Agosti 2025

Kaka Liberatus,

Uliondoka kikaoni bila kuaga, hata chai hukunywa. Matokeo yametoka leo. Eveline amerudishwa kazini na onyo kali la maandishi. Wewe utajibu mbele ya wakubwa wako, na hilo sina la kukusaidia.

Kuhusu Baraza, wameahirisha kura, au tuseme wameizika. Ufunguo wa kanda unachukuliwa na Sekretarieti, kwa maelezo kwamba mikoa imeonyesha haiaminiki. Katibu alinipigia kunipa pole, na akanitajia barua zetu za kwenye lori la mchele. Sikuwahi kumwambia. Wewe je? Anwari anaapa tena. Safari hii nimemtazama muda mrefu kidogo.

Bado nina hasira na wewe. Zikipoa nitakuandikia. Lakini ulikuja, na ulisema yote bila kupunguza, na wengi wasingekuja.

Dada yako,
Nasrin


Madibira, 16 Agosti 2025

Shikamoo Kaka Kihwele,

Hatujawahi kuandikiana. Tulionana siku moja tu, pale kikaoni, nawe hukunitazama. Nimepata anwani yako kwa Dada Nasrin.

Nimerudi kazini. Kifaa nimekabidhiwa kilekile, daraja lilelile. Watu wengine wamenipokea, wengine wanapita upande wa pili wa barabara. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Mama Apolonia, mama yake Juliana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alinipa kigoda, nikamweleza yote kuanzia mwanzo, nilivyoita, nilivyosikia, nilivyozima. Sikujitetea. Nikamweleza na ya Kalenga, kwa kuwa kwenye kamati mliyasema wazi na sikuona sababu ya yeye kuwa wa mwisho kujua.

Alisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mchele. Hakulia. Aliniuliza, "Huyo mzee mliyekuwa mnamwita, alikuwa anaumwa nini?"

Nikamwambia alikuwa haumwi, mama, alikuwa ameshakufa, jeneza lilikuwa tayari kushushwa.

Akaacha kupepeta. Akasema, "Kwa hiyo njia mlimpa maiti, na mwanangu aliye hai mkamwambia asubiri."

Jibu nimelitafuta wiki nzima na sijalipata, ndiyo maana nakuandikia. Mama Apolonia anasema mimi ameshaniona. Sasa anataka kumwona yule aliyekuwa anaita. Amesema usitume mtu, wala usilete kitu. Uje mwenyewe, ukae pale nilipokaa mimi.

Eveline Andendekisye
Kituo cha Afya